Mvuke Nyumbani kwa Mkwe

Mume wangu aliwahi kufanya kazi ya kuchimba mvuke. Nikisema hivyo pale Busia watu walidhani natia chumvi. Maji huchimbwa, dhahabu huchimbwa, mihogo huchimbwa. Mvuke unatoka kwenye sufuria, na kila mwanamke anaujua. Hata mimi aliponieleza kabla hatujaoana niliyachukua kuwa maneno ya mwanamume anayetafuta mke. Baadaye niligundua kuwa hawezi kusema uongo hata pale ambapo uongo ungetusaidia nyumbani, ndipo nikaanza kumsikiliza.

Wakati Kenya bado iko chini ya Waingereza, alikuwa kibarua katika Bonde la Ufa, karibu na ziwa Naivasha, mahali ambapo ardhi inatoa moshi mweupe katikati ya mawe. Wazungu walileta mtambo wa kuchimbia, wakatoboa mashimo mawili marefu kwenda chini, wakitafuta mvuke wa kuzungusha mashine za umeme. Siku hizi jambo hilo lina jina lake, linaitwa jotoardhi, na watoto wanalisoma shuleni. Wakati ule tulisema tu mvuke wa chini. Joto walilipata, tena kali, lakini mvuke haukupanda kwa nguvu waliyoitaka. Basi wakafunga mashimo, wakapakia vyuma vyao, na vibarua wakaambiwa warudi makwao. Yeye akarudi Busia na ufundi wa kuunganisha mabomba, pamoja na tabia ya kusimama kila alipoona maji yanachemka, akiyatazama kama mtu aliyekutana na jamaa yake njiani.

Tulipokwisha kuoana alipata kazi katika kiwanda cha saruji Tororo, fundi wa mabomba. Siku za kazi alilala huko, na Jumamosi jioni alipanda baiskeli akaja nyumbani kwetu, Busia ya upande wa Kenya, ambako mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza la duka la Mhindi. Mpaka siku zile haukuwa kitu cha kumtoa mtu jasho. Tulivuka na ndizi kichwani na mtoto mgongoni, tukisalimiana na askari kama jirani.

Aliyemharibu mume wangu ni mhandisi mmoja kutoka Nyuzilandi, waliyefanya naye kazi kule visimani Naivasha. Mtu yule alikuwa na mdomo, na mume wangu alikuwa na masikio. Akamwambia kwamba Italia wanawasha taa kwa mvuke wa ardhini tangu enzi za babu zao. Akamwambia kuna nchi ya barafu huko kaskazini, Aislandi, ambako maji ya moto ya ardhini hupitishwa kwenye mabomba mpaka ndani ya nyumba, watu wakakaa na joto huku nje theluji inaanguka. Nyuzilandi kwenyewe wenyeji hufukia chakula kwenye ardhi yenye moto kikaiva bila kuni, na wazee wenye maumivu ya viungo huenda kukaa kwenye madimbwi ya moto mpaka magoti yanalegea. Hata Uganda yetu, upande wa milima inayopakana na Kongo, kuna chemchemi ambayo unaweza kuchemshia mayai. Mambo haya yote mume wangu aliyahifadhi kichwani na kunisimulia tukila, nami nikawa mshonaji pekee pale Busia aliyejua habari za Aislandi bila kuziomba.

Mhandisi huyo pia alimwambia kwamba ule mwamba mkubwa wa Tororo, unaoonekana kutoka kila upande, ulitoka kwenye moto zamani sana. Hilo lilikuwa kosa kumwambia. Jumapili moja tuliupanda, mimi nikinung'unika nyuma yake, na tulipofika juu alipiga magoti akalaza shavu lake kwenye jiwe. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akahamia jiwe jingine.

"Baridi," akasema. "Umelala."

Nikamwambia kama umelala basi tushuke taratibu tusiuamshe, kwa sababu watoto wana njaa. Alicheka, lakini nilijua imemuuma. Huko chini tuliziona nyaya kubwa za umeme zinazotoka kwenye bwawa la Jinja, zikipita Tororo kuelekea Kenya, zikipita pia juu ya vijiji vya watu wanaowasha vibatari. Akazitazama akasema siku moja umeme utatoka upande wa pili, kutoka kwenye mvuke. Nilimpenda sana siku ile, na sikumwambia.

Mama yangu alikaa Masaba, upande wa Uganda, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka kwangu. Baba alikuwa amekwisha kufa. Katika watoto wao nilibaki mimi tu, na mimi nilikuwa nimeolewa. Mama alikuwa na nyumba yake ya udongo, ghala lake la wimbi, na shamba zuri lililoshuka mpaka kwenye kinamasi, ambalo halikukauka hata mwaka wa jua kali. Halafu magoti yakamshika. Yalianza kwa kuuma asubuhi, yakafika mahali pa kuvimba, mwisho akawa anatoka kitandani kwa kushikilia ukuta, na kufika shambani ikawa safari. Daktari wa Tororo alimpa vidonge, akasema ajipashe joto.

Ndugu mdogo wa marehemu baba, ambaye kwangu ni baba mdogo, akaanza kuja kumwona mara kwa mara. Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alileta ndizi na sukari. Lakini alikuwa na wana wakubwa wasio na ardhi ya kutosha, na kila akija macho yake yalitangulia kuteremka kwenye kinamasi kabla hayajamwangalia mgonjwa. Akasema mbele ya watu kwamba si vizuri shemeji yake kukaa peke yake, na kwamba ikifika mavuno ya wimbi, kama hataweza kuvuna mwenyewe, atamhamishia kwake, amjengee kibanda nyuma ya jiko, na wanawe watalitunza shamba. Kila mtu aliona ni wema. Mama peke yake alielewa, nami nilielewa kwa kumtazama yeye. Akitoka pale hatarudi. Nyumba itaanguka mvua mbili tatu, na mama yangu atabaki mtu wa kuombaomba chumvi kwenye jiko la mke wa mtu mwingine.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini nisimchukue mimi. Ningemchukua siku hiyohiyo. Lakini kwetu mwanamume haonani ana kwa ana na mama mkwe wake. Wakikutana njiani mmoja huingia kwenye majani. Hawali chakula pamoja, hawakai kwenye kiti kilichotoka kukaliwa na mwingine, na mama hawezi kulala chini ya paa la mkwe. Wasamia wanalishika hilo, na Wateso, watu wa mume wangu, wanalishika kuliko sisi. Si chuki, ni heshima, na mume wangu alimheshimu mama kiasi kwamba kwa miaka yote ya ndoa yetu hakuwa ameuona uso wake vizuri. Alijua mgongo wake, akijifunika khanga, akiondoka.

Hata kuongea walikuwa wanaongea kupitia kwangu. Mama Msamia, mkwe Mteso, lugha waliyokutania ni Kiswahili. Mume wangu alikuwa nacho cha shule. Mama alijifunza chake sokoni akiuza samaki wakavu, akawa anakikata popote alipoona kinamchelewesha.

Siku moja, nikimkanda magoti, nilimsimulia habari za wazee wa Nyuzilandi ili tu nimtoe mawazo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na hao wamama, wakati wao naoga huko, mkwe yao nakwenda wapi?"

Nikamwambia sijui, labda wanageuza uso.

"Ambia bwana yako," akasema, "mimi nataka hiyo moshi ya maji."

Nilipeleka ujumbe. Mume wangu aliweka kijiko chini. Tangu mashimo ya Naivasha yafungwe hakuna mtu aliyekuwa amemwomba mvuke, na sasa ameombwa na mtu ambaye hawezi kumnyima kitu. "Mwambie mama," akasema, "huku kwetu mvuke wa chini umelala. Lakini mvuke ni mvuke. Nikipata pipa nitamtengenezea."

Akapata pipa la mafuta, akaliosha kwa mchanga na kulichoma mpaka harufu ikaisha. Akapata vipande vya bomba chakavu na koki moja iliyokuwa imetupwa. Alivibeba vyote kwa baiskeli kutoka Tororo mpaka Masaba, na watu wa njiani wakamuuliza kama anahamia. Siku za kujenga, mama alikwenda kukaa kwa jirani tangu alfajiri. Mkwe alijenga kibanda kidogo cha udongo kando ya ua wa minyaa, chenye mlango wa mabati na kiti cha mbao zilizoachana ndani. Pipa lililala nje juu ya matofali, moto chini yake. Bomba lilitoka kwenye pipa, likatoboa ukuta, likapita ndani usawa wa kiwiko, halafu likashuka kwenye shimo lililokuwa chini ya kiti. Koki iliwekwa nje. Juu ya pipa aliacha tundu, akalifunika kwa jiwe.

"Hili jiwe lisikazwe hata siku moja," aliniambia. "Hata ardhi yenyewe ina tundu la kupumulia. Mahali isipokuwa nalo, inapasuka."

Nikamwuliza kama ameoa mshonaji au amemwajiri kibarua wa visimani. Akasema vyote viwili.

Wiki za kwanza nilikwenda Jumapili kwa Jumapili. Mume wangu alipanda nami baiskeli, akaishia nje ya ua, akaketi upande wa pili wa minyaa akitupa kisogo. Mimi niliwasha moto. Mama alitoka nyumbani kwa kuegemea begani kwangu, akaingia kibandani, akavua, akaketi kwenye mbao na blanketi mabegani. Hapo ndipo vioja vilipoanza, kwa sababu yeye aliyejua kazi hakuweza kuona, na sisi tulioona hatukujua kazi.

"Limeanza kuimba?" angeuliza kutoka nyuma ya majani.

"Nani?"

"Pipa, Mama Watoto. Limeanza kuimba?"

"Linakohoa."

"Mwambie mama asubiri. Likiimba, fungua koki nusu."

Na mama kutoka ndani, ambaye alikuwa amesikia kila neno kwa masikio yake, angesema, "Ambia yeye mimi nangoja." Nami, nikiwa katikati, ningesema, "Anasema anangoja." Nilichoka kuwa bomba la maneno yao. Siku moja niliwaambia nitakwenda kuchuma mboga, wapitishie maneno kwenye koki. Nilisikia mama anacheka ndani ya mvuke, na nje ya ua mume wangu anakohoa ili asicheke.

Magoti yalilegea. Sisemi yalipona, kwa sababu sikuandika kitabu cha uganga. Lakini uvimbe ulipungua, akaanza kutoka kitandani bila ukuta, baadaye akafika ghalani, na siku nyingine nilimkuta ameshuka nusu ya njia ya shambani, amesimama na fimbo anatazama wimbi likianza kutoa masuke. Wanawake wa jirani wakaomba nao wakae kwenye mvuke. Mume wangu alikuwa anarudi Tororo akiimba juu ya baiskeli. Wakati huohuo redio ikaanza kusema kwamba wataalamu wamerudi Bonde la Ufa kuupima tena mvuke. Aliisikiliza habari ile amesimama, kofia mkononi.

Baba mdogo hakufurahi. Alisema haijapata kuonekana mkwe kujenga kwenye mji wa mama mkwe, na kwamba mtu yule analifanya boma la kaka yake kiwanda. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama ana pipa lingine alilete. Hilo lilimfanya aweke nadhiri, akasema mbele ya majirani kwamba mavuno si mbali, na wote watakuja kuona nani ataingia shambani na kisu cha kuvunia.

Tangu siku ile mama akawa na haraka. Alitaka kukaa ndani muda mrefu zaidi, koki ikiwa imefunguliwa yote. Mume wangu kutoka nyuma ya ua alikataa. Alisema kule visimani aliona wanaume wenye nguvu wakianguka kwa joto bila kuguswa na kitu. Mama akanituma nimwambie kwamba wanaume wale hawakuwa na wimbi shambani.

Jumapili moja, masuke yakiwa yamekwisha kugeuka rangi, watu walikuwa kanisani. Maji ya pipa yalipungua, nikachukua debe nikateremka kwenye chemchemi. Nilimwacha mama ndani na mume wangu mahali pake nje ya ua. Niliyokuja kuyajua nimeyaunganisha kwa maneno ya hao wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na yanalingana.

Mama alisimama ndani ya kibanda ili apandishe miguu kwenye mbao, mvuke uwafikie vizuri hao magoti, kama alivyosema mwenyewe. Kichwa kikazunguka. Akaanguka. Mume wangu alisikia kishindo na sauti ya mbao, kisha akasikia pipa peke yake. Akaniita. Akaita tena. Akaita majirani, na majirani walikuwa wanaimba kanisani, aliwasikia kabisa. Akamwita mama kwa mbali, "Huko ndani mko salama?" na hakukuwa na jibu.

Akapita kwenye minyaa. Jambo la kwanza, kwa mazoea ya kazi, alifunga koki. La pili alivua shati lake, akajifunga machoni, akalikaza kwa nyuma. Ndipo akasukuma ule mlango wa mabati akaingia kwenye mvuke kama kipofu, akipapasa chini kwa miguu mpaka alipogusa blanketi. Alimwinua mama mikononi. Kibanda alikijenga mwenyewe, alijua bomba liko upande gani, lakini alijua akiwa amesimama akitazama mlango. Sasa alikuwa amegeuka mara mbili akimtafuta mgonjwa, na kushoto kukawa kulia. Alilaza mkono wake wa kushoto kwenye bomba kuanzia kiwiko mpaka kifundo. Na hakuweza kuutoa upesi, kwa sababu ulikuwa umembeba mama. Aliuburura kwenye chuma mpaka akaupata mlango.

Miaka yote aliyokaa na mvuke wa Naivasha hakuungua hata kidole.

Mimi nilipanda na debe kichwani, nikasikia sauti ya mama. Nilisimama. Uani pale tulikuwa tumeanika mihogo kwenye mkeka. Mama yangu alikuwa amelala juu ya mihogo ile, uchi kama alivyozaliwa, mwili wote umepakwa unga, macho yake wazi. Hatua chache kutoka kwake mume wangu alikuwa amesimama kifua wazi, shati machoni, uso kwenye ukuta wa ghala, mkono wake umeinuliwa na ngozi inaning'inia. Na mama, ambaye hajawahi kumwambia neno moja bila kupitia kwangu, alikuwa anamwambia, taratibu, kama anavyozungumza na mteja mgumu:

"Mkwe. Toa hiyo nguo kwa macho, nipe mimi nijifunike."

Alilifungua shati, akanyoosha mkono mzima kwa nyuma bila kugeuka, macho ameyafumba bado. Mama akalipokea. Debe lilikuwa limeniponyoka na sikulisikia likianguka.

Nililia siku ile, kwanza kwa hofu, kisha kwa aibu, halafu kwa hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Mume wangu alipelekwa hospitali ya Tororo kwa baiskeli ya jirani. Mama nilimlaza kitandani kwake, nikampa maji. Alikuwa mzima, ila mkwaruzo begani. Aliniuliza swali moja tu, kama mkono utapona. Nikasema sijui. Akageukia ukutani.

Jambo lenyewe halikuweza kufichwa. Mkwe amemgusa mama mkwe, naye hana nguo: kwa watu wetu huo ni uchafu unaohitaji kuondolewa kabla haujawadhuru watoto. Kondoo akatafutwa, akachinjwa, wazee wawili wa ukoo wakafanya yao kama inavyotakiwa. Hapo mambo yangekwisha. Lakini baba mdogo alikuja siku hiyo na watu, akaomba wote wakae, kwa kuwa ana neno. Wanaume wakakaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Mume wangu, mkono umefungwa bendeji mpaka begani, aliwekwa peke yake kwenye benchi kando ya ua, akiwa ametupa mgongo, kama desturi inavyotaka. Baba mdogo alisema kwa Kiswahili, ili mkwe asikie.

"Shemeji, hatukukuja kwa ubaya. Mambo ya mkwe imekwisha, kondoo amekufa. Lakini sisi tumeona. Ule mvuke umekuangusha. Siku ingine utaanguka na hakuna mtu. Mama wa kubebwa, hawezi kukaa peke yake. Jumatatu naleta mkokoteni, unahamia kwangu. Wimbi vijana watavuna."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nilitazama huku na huku, sikuona wa kumtetea. Ilikuwa kweli kwamba alianguka, na ilikuwa kweli kwamba alibebwa. Nilijua nikifungua mdomo nitamharibia zaidi, kwa sababu mimi ni binti aliyeolewa na hapo sina kauli.

Mama alikuwa ameketi mkekani karibu nami, miguu ameinyoosha. Aliweka viganja chini. Nikataka kuinuka nimshike, akanikata jicho, nikarudi chini. Aliinuka peke yake, goti moja, kisha la pili, akasimama wima, akaiacha fimbo pale ilipolala. Akatembea. Alipita mbele ya wanawake, akapita mbele ya wazee, akampita baba mdogo bila kumtazama, akaelekea kwenye benchi la ua.

Mume wangu alisikia miguu na akajua ya nani. Akaanza kuinuka akimbie, kama inavyompasa.

"Kaa," mama akamwambia.

Akakaa. Mama akaketi kando yake, benchi moja, mabega yakigusana. Hakuna aliyepata kuona kitu kama hicho, na mzee mmoja akafunika mdomo kwa mkono.

"Huyu amenibeba kutoka ndani mpaka kwa mihogo," mama akasema. "Macho amefunga. Mkono naungua. Hakuniangusha. Sasa, mwenye anataka kunihamisha, asilete mkokoteni. Akuje anibebe vile huyu amebeba. Mimi nangoja."

Baba mdogo aliwatazama wazee. Wazee wakatazama chini. Mmoja wa wanawe alikuwa nyuma ya kiti chake, kijana mwenye mabega, na hata yeye alijikuta ana kazi na kifungo cha shati lake.

Ndipo nikamsikia mume wangu. Alikuwa anatazama ardhi, machozi yanamshuka bila kuyafuta, na alisema kwa sauti ndogo, yeye mwenyewe, bila kunitafuta mimi:

"Mama, njoo upande huu. Huo una kidonda."

Na mama yangu akainuka tena mbele yao wote, akashika ukingo wa benchi, akazunguka kwa nyuma polepole, akaja akaketi upande wa mkono mzima. Jumatatu mkokoteni haukuja.